Talaka Ambayo Haikufika Mahakamani

Mtaa mzima ulimwita Mama Kola. Alishona sare za shule, na kola zake hazikulegea hata shati likichakaa. Kila asubuhi alifungua chumba cha mbele, akafuta vumbi kwenye cherehani, akaitia mafuta, akaanza kazi. Kabla ya kukata kitambaa alipima mara mbili. Mteja akimharakisha, alimjibu, "Kitambaa kikishakatwa hakirudi, ndugu yangu. Subiri."

Mumewe alichomelea mageti nyuma ya nyumba. Watu walimwita Cheche. Yeye na Mama Kola walikuwa na watoto wawili. Mdogo wake Cheche, yaani wifi yake Mama Kola, alikaa nao na kusaidia kutia vifungo.

Mama Kola alizaliwa nchi ya jirani. Alikuja kujifunza ushonaji, akaolewa. Baadaye akapewa uraia kwa sababu mumewe ni raia. Ili aupate, aliukana uraia wake wa kuzaliwa. Tangu hapo aliishi kwa amani miaka mingi.

Siku moja kaka yake alipiga simu kutoka nyumbani kwao.

"Dada, mama haamki tena kitandani. Anakuulizia wewe tu. Njoo upesi."

Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Mama Kola alimshonea mama yake gauni la kijani lenye mifuko miwili, maana mama alipenda mifuko. Kesho yake akaenda ofisi ya uhamiaji kuomba pasipoti mpya.

Ofisa alitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mama, mumeo ana wake wangapi?"

"Ni mimi peke yangu. Wawili angewaweza wapi yule?"

Ofisa hakucheka. "Hapa naona ndoa mbili. Ya kwanza ilifungwa kwa msajili, miaka mitatu kabla ya yako. Ni ndoa ya mke mmoja. Na sioni popote kwamba imevunjwa."

Mama Kola alirudi nyumbani bila pasipoti. Mkononi alikuwa na barua. Ilimpa siku thelathini aeleze kwa nini uraia wake usifutwe.

Alimkuta Cheche akichomelea. Alisimama mbele yake mpaka akazima mashine.

"Uliwahi kuoa?"

Cheche alivua miwani. "Tuliachana zamani, mama watoto. Nilikuambia nilikuwa na mchumba, hatukuelewana."

"Mchumba! Tangu lini mchumba akafungishwa ndoa kwa msajili?"

Cheche aliingia ndani. Akarudi na karatasi aliyoificha chini ya godoro. Iliandikwa kwa mkono. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekaa, wakakubaliana kila mmoja ashike njia yake. Palikuwa na sahihi sita na alama moja ya dole gumba. Cheche aliitia plastiki isije ikaharibika.

"Hii ndiyo talaka yangu," alisema.

Watu wengi huiamini karatasi wakiona tu sahihi nyingi. Plastiki huzuia maji, lakini haibadilishi sheria.

Wifi alikimbia kumwita jirani yao wa nyumba ya tatu. Jirani huyo alifanya kazi kwenye kituo cha msaada wa sheria. Mtaani walimwita Wakili, naye hakuchoka kuwasahihisha.

"Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria," alisema akiketi. "Haya, nionyesheni."

Alisoma barua. Akasoma karatasi ya wazee. Akaiweka mezani taratibu.

"Shemeji, wazee wanaweza kusuluhisha. Wanaweza kukubali muishi mbalimbali. Lakini ndoa yako ya kwanza ilikuwa ya serikali, ya mke mmoja. Kwa sheria zetu, ndoa kama hiyo huvunjwa na mahakama. Bila amri ya mahakama, yule mama bado ni mke wako."

"Miaka yote hii? Mwenyewe ameshaanza maisha yake!"

"Hata mkiishi mbalimbali miaka mia."

Mama Kola aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi ni nani?"

Jirani alimshika mkono. "Ndoa yako ni batili, dada. Maana yake, mbele ya sheria ni kama haikufungwa. Uraia wako ulisimama juu ya ndoa hiyo. Ndiyo maana nao unatikisika."

"Na wanangu?"

"Wanao ni raia kupitia baba yao. Hilo lisikunyime usingizi."

Kisha akamgeukia Cheche. "Siku ya kufunga ndoa na huyu, kwenye fomu ulijaza nini?"

Cheche alitazama sakafu. "Nilijaza kwamba sijawahi kuoa. Karani alisema nikiandika nimeachana na mke, atataka hati ya mahakama. Nikaona ya nini usumbufu, mambo si yamekwisha?"

"Na mimi nikatia sahihi chini yake," alisema Mama Kola.

"Hukusoma?"

"Nilikuwa na furaha."

Hapo alilia. Mkono wa shati huupima mara mbili, lakini karatasi ya maisha yake hakuisoma hata mara moja. Cheche alitaka kumgusa bega. Mama Kola akasogea pembeni.

Jioni ya siku iliyofuata Cheche alikuja na wazo. Alikuwa amekutana na mtu nje ya ofisi za serikali. Mtu huyo aliahidi kumtengenezea hati ya talaka yenye tarehe ya zamani.

"Kwa hiyo unataka kuufunika uongo kwa uongo mwingine," Mama Kola alimwambia. "Njia ya mwongo ni fupi, baba watoto. Yetu imefika mwisho."

Jirani alikuwa mkali zaidi. "Hati ya kughushi ni kosa la jinai. Sasa hivi mkeo anaweza kusema hakujua, na ni kweli. Akiipeleka hati hiyo, atakuwa anajua. Tuandike ukweli."

Wakaandika ukweli. Cheche alikiri kwa maandishi kwamba alimficha mkewe. Mama Kola aliwahi kupeleka majibu siku ya ishirini na mbili.

Ukweli haukufuta kila kitu. Uraia wa Mama Kola ulifutwa. Kwa kuwa alidanganywa, hakushtakiwa wala hakufukuzwa. Alipewa kibali cha muda cha kuishi nchini, lakini kibali hicho hakikumruhusu kuvuka mpaka. Na kwao alikwisha kuukana uraia. Kwa miezi kadhaa hakuwa raia wa popote.

Katika miezi hiyo mama yake alifariki.

Kaka alimpigia simu wakati wa maziko. Mama Kola aliiweka simu juu ya cherehani. Alisikia udongo ukimwagwa kwa majembe. Gauni la kijani lilikuwa ukutani, kwenye msumari. Cheche alikaa chini mlangoni, akafunika uso.

"Nisamehe," alisema.

"Nitajaribu," alijibu. "Leo siwezi."

Jirani hakuwaacha. Cheche alifungua shauri la talaka. Mke wa kwanza alikuja mahakamani, akatoa ushahidi wake bila kinyongo. Ndoa ile ikavunjwa kisheria. Jirani alimpeleka Mama Kola ubalozi wa nchi yake, na baada ya kusubiri sana akarudishiwa uraia wa kuzaliwa. Yeye na Cheche walifunga ndoa upya. Safari hii Mama Kola alisoma fomu yote, kila mstari, huku karani akipiga miayo. Akapata kibali cha ukaazi kama mke wa raia. Kisha akavuka mpaka, akakaa siku tatu kwenye kaburi la mama yake.

"Kila nchi ina sheria yake," jirani alizoea kuwaambia wateja pale kwenye cherehani. "Lakini swali ni lilelile. Kabla ya kuolewa na aliyewahi kuoa, omba hati ya mahakama. Ukiwa na shaka, muulize msajili."

Mwaka uliofuata wifi alipata mchumba. Alikuwa fundi bomba, mpole, aliyeachana na mkewe. Wifi alileta kitambaa cheupe cha gauni la harusi.

"Shemeji," Mama Kola alimuuliza mchumba, "hati ya talaka iko wapi?"

Kijana alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na sahihi za wazee wanne.

Cheche aliinuka, akaisoma, akamrudishia. "Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa nayo ya namna hii. Nenda mahakamani. Nitakusindikiza."

Wifi alinuna wiki nzima. Kitambaa kilikaa kabatini miezi saba. Siku moja fundi bomba aliingia na hati yenye muhuri wa mahakama. Mama Kola aliisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Akaisoma tena. Aliinua macho kidogo, akatazama gauni la kijani ambalo bado lilining'inia ukutani.

Kisha akachukua utepe wake wa kupimia.

"Wifi," alisema, "njoo usimame hapa nikupime."