Uso Uliokwanguliwa Chini ya Taji

Mjomba wetu, mchoraji wa mabango ya maduka, aliingia kanisani asubuhi hiyo akipiga mluzi. Mungu anisamehe kumsema marehemu, lakini alikuwa mtu wa dharau. Hata salamu aliiitikia kwa kidevu. Alikuwa amepewa kazi ya kuipa rangi mpya picha ya Mama wa Mungu akivikwa taji mbinguni.

Aliyeipanga picha ile alijua kazi. Baba upande mmoja, Mwana upande wa pili, wote wameshika taji moja la dhahabu. Njiwa juu yao. Mama katikati, na joho lake la buluu. Na chini kabisa, pembeni, kikongwe amepiga magoti, mikono mitupu. Jicho lako lilianzia kwake, kisha likapanda lenyewe mpaka kwenye taji.

"Kibibi hiki kinaharibu mbingu," mjomba alisema. Akamkwangua uso kwa kisu, bila hata kuunakili kwanza kwenye karatasi. Mahali pake akajichora mwenyewe, na kofia yake ya kazi kichwani.

Mama mmoja, mfagiaji wa kanisa, aliacha ufagio. "Mwanangu, mrudishe. Huyo anaomba kwa niaba yetu."

"Fagia, mama. Mbinguni hawaajiri wafagiaji."

Saa sita mchana akasogea nyuma aitazame kazi yake. Taji lilikuwa limeshuka. Upana wa kidole tu. Akafikicha macho. Likashuka tena. Baba na Mwana hawakumtazama Mama. Walimtazama yeye.

Paji la uso likaanza kumbana.

Akakwangua uso wake pichani. Damu ikamtoka shavuni.

"Mrudishe," mfagiaji alinong'ona.

Akachovya brashi. Yule bibi alikuwa na macho gani? Pua gani? Hakujua. Hakuwahi kumtazama.

"Mimi nimefagia chini yake miaka ishirini. Niulize tu, mwanangu."

"Nikuulize wewe?" Mjomba akacheka, huku anashika kichwa. "Mfagiaji anifundishe kuchora?"

Akaanguka chini ya picha, akakata roho.

Tulipomwosha tulikuta alama ya duara kuzunguka kichwa, imezama mpaka mfupani. Nakiri kosa langu: moyoni nilisema, "Yamemkuta, na ajivune sasa." Kofia yake tuliitafuta, hatukuiona.

Jumapili nilikwenda kanisani. Taji liko juu, mahali pake. Kikongwe amerudi, na mfagiaji anaapa hakuna mtu aliyeigusa picha. Ila mikono ya kikongwe si mitupu tena. Imeshika kofia yenye madoa ya rangi, na rangi ingali mbichi.

Macho yake hayapandi kwenye taji. Yameelekea kwenye benchi langu.