Matete Nyuma ya Nyumba ya Mwaba

Walijuana mwaka 1997 katika soko la samaki la Nchelenge. Agnès, mfanyabiashara wa Kilwa ng'ambo ya ziwa, kikwembe cha njano kiunoni, aling'ang'ania gunia la chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa, akamkanyaga Mwaba, muuza nyavu wa hapo aliyelishika gunia hilohilo.

“Pardon, papa!”

“Papa? Mimi bado kijana, mukwai,” Mwaba alimjibu kwa neno la heshima la kwao.

“Basi toa muguu yako, kijana!”

Walicheka hadi gunia likachukuliwa na mwingine.

Mwaka uliofuata walikuwa wachumba. Nyuma ya nyumba yake, Mwaba alikuwa amepanda matete, misuku ya matunda ya porini na vichaka alivyovileta mwenyewe kutoka msituni, kwa sababu miti ya ufukoni ilikuwa imekatwa kuwa kuni za kukaushia samaki na ndege wakahama. Sasa walikuwa wamerudi. Lakini wanawake wa sokoni walimcheka Agnès: “Utaolewa porini?” Maneno hayo yalimchoma.

Mwaba alipokwenda Chienge kuuza nyavu, Agnès alishika panga. Alifyeka, akachoma, akapanda viazi. Ndani ya matete alikuta viota, vingine na makinda yaliyoachama midomo. Mkono ukasita. Akakumbuka vicheko, akaendelea.

Mwaba alirudi, akasimama na mfuko wake begani.

“Ni surprise yako, chéri. Nyumba iko propre, safi kabisa sasa.”

“Uliona viota?”

Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza. “Nilibiona.”

“Kulikuwa na makinda?”

“Mu bingine.”

Mwaba aliketi chini, akamgeuzia mgongo. Agnès akajua amefukuzwa. Asubuhi alipanda boti, akavuka kwao.

Mvua zilipoanza aliitwa kwenye fonie, redio ya wafanyabiashara.

“Agnès wangu, mbona ulikimbia?”

“Ulinigeuzia mugongo!”

“Nilikuwa nalia, nikaona haya. Rudi tuoane.”

Watu waliokuwa kwenye foleni walipiga vigelegele. Agnès alilia huku akicheka.

Walifunga ndoa kanisani, wakang'oa viazi, wakapanda upya pamoja. Matete yalirefuka, vipepeo wakaja. Ndege walipita juu, wakaelekea upande wa Kafutuma bila kutua. Mwaba alimsamehe, na Agnès alimwamini. Ila yeye mwenyewe bado huyasikia yale makinda. Kila kukicha hufungua dirisha kuwatafuta ndege kabla hata ya kusalimia.

“Kuya tunywe chai,” Mwaba humwambia, akiiga usemi wake. “Batakuya.”

“Na kama habatakuya?”

“Tutakunywa chai.”

Agnès huja, huketi, hunywa. Dirisha huliacha wazi.