Hati Moja, Majina Mawili

"Mimi na Humoud tumeachana vizuri kuliko wengi wenu mlivyooana!"

Hilo ndilo lililokuwa neno la Nawal, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, Bagamoyo. Alilisema kila mteja alipoingia. Alilisema huku anampima mtu kiuno, na mtu anayepimwa kiuno hana nafasi ya kubisha.

Na kweli, walianza vizuri. Baada ya miaka kumi ya ndoa na mtoto mmoja, Mina, waliona mapenzi yamekwisha, yamebaki mazoea. Hawakupigana. Hawakutukanana. Wakaenda pamoja kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, Nawal kavaa baibui jipya, Humoud kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Ungewaona ungedhani wanakwenda kuoana upya.

Wazee wa baraza wakawaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakawanasihi, wakashindwa. Tarehe kumi na nne Februari wakawaandikia hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati ilikuwa moja, majina mawili, muhuri wa bluu. Jamaa wa pande zote wakasema, "Mmeingia pamoja, tokeni pamoja. Nendeni mahakamani mkamalize."

Humoud akaikunja hati, akaitia mfukoni. Mwezi wa tatu akaandika talaka. Nawal akakaa eda, eda ikaisha. Likabaki jambo moja tu, mahakama.

"Jumatatu ijayo tunakwenda," alisema Humoud kwenye simu, kutoka dukani kwake Chalinze, anakouza vipuri vya malori.

Jumatatu ilikuja, Humoud hakuja. Mara mzigo umechelewa. Mara kiuno kinamuuma. Mara yuko msibani Vigwaza. Kwa maneno ya Humoud, watu wa Vigwaza walikufa sana mwaka ule.

Nawal hakujali, mpaka Mwalimu Shihab wa Kaole alipoleta posa, na Nawal akairidhia. Walipokwenda kwa sheikh mfungisha ndoa, sheikh alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Talaka ya mume naiona," alisema. "Ya mahakama iko wapi?"

"Hiyo bado, sheikh. Lakini eda nimemaliza."

"Kwa sheria ya nchi, binti yangu, ndoa huvunjwa na mahakama. Kwenye vitabu vya serikali wewe bado mke wa Humoud. Siwezi kukuandikia cheti."

Tangu siku hiyo lile neno la kuachana vizuri likapungua sauti. Nawal akaanza kunusanusa mambo. Kwa mfano, kila Ijumaa Humoud alimtumia halua. Mke uliyemwacha unamtumia halua ya nini? Nawal hakuila. Alimpa paka. Paka akala, akalia aongezwe. Nawal akamshuku hata paka.

Jumapili moja, mwanzoni mwa Agosti, akaenda Chalinze bila kupiga simu. Humoud alipomwona mlangoni, boksi la nati likamponyoka.

"Mama Mina! Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga ningekukuta msibani Vigwaza."

Ukutani palikuwa na kalenda. Tarehe moja ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, tena mara mbili. Humoud akasogea akasimama mbele ya kalenda kama golikipa.

"Tarehe hiyo ni ya nini, Baba Mina?"

"Tarehe ipi?"

"Hiyo iliyo nyuma ya kichwa chako. Kumi na nne."

"Aa, hiyo. Mzigo unakuja."

"Na hati yetu?"

"Ipo, imehifadhiwa. Usiwe na wasiwasi. Tarehe kumi na tano nakuja mwenyewe, tunakwenda mahakamani. Wallahi tena."

Nawal akarudi Bagamoyo na hesabu yake kichwani. Tarehe kumi na nne Humoud anaoa! Naye Nawal anamwacha aning'inie kama nguo ya mteja asiyerudi.

Kesho yake alikuwa akimweleza shoga yake Chausiku, huku anakanyaga cherehani kama anamkanyaga mtu. Ndani alikuwamo Bi Biubwa, aliyekuja kuchukua baibui lake. Bi Biubwa ni msaidizi wa kisheria wa kata. Kazi yake ni kuwaelekeza watu wenye mashauri ya mirathi, ndoa na viwanja, na hatozi kitu.

"Samahani, Nawal, masikio hayana mlango," alisema. "Hati yenu ya baraza ni ya tarehe gani?"

"Kumi na nne Februari."

"Hebu hesabu miezi sita."

Nawal akachukua pini, akazichoma moja moja kwenye mto wa sindano. Machi kumi na nne. Aprili. Mei. Juni. Julai. Pini ya sita ikatua kwenye Agosti kumi na nne. Mkono wake ukabaki hapo hapo.

"Si harusi," alisema polepole.

"Si harusi. Ombi la talaka huenda mahakamani na hati ya baraza ambayo haijapita miezi sita tangu itolewe. Ikipita, mnarudi barazani kuanza upya. Yeye anataka kukupeleka tarehe kumi na tano na karatasi iliyokwisha kufa."

"Kumbe halua ilikuwa ya matanga!" akasema Chausiku.

"Leo ni tarehe nne," Bi Biubwa akaendelea. "Una siku kumi. Nenda mwenyewe."

"Nitakwendaje peke yangu, na hati ina majina mawili? Tulianza wawili."

"Barazani mlikwenda wawili kwa sababu huwezi kumpatanisha mtu na ukuta. Mahakamani, mume anaweza kufungua shauri peke yake, na mke anaweza kufungua peke yake. Mwenzake ataitwa."

"Si nitakuwa nimemzunguka?"

"Kumzunguka ni kwenda asijue. Yeye atapelekewa wito, aje aseme lake."

"Asipokuja je?"

"Ikithibitika kwamba wito ulimfika, na hana sababu ya maana, mahakama inaweza kumsikiliza aliyekuja. Kukaa Chalinze si kufuli la mahakama."

"Na hati anayo yeye."

"Baraza lina kumbukumbu zake. Omba nakala yenye muhuri. Chukua pia cheti chako cha ndoa na ile talaka aliyoandika."

Bi Biubwa alipoondoka, Nawal akaanza tena kunusanusa. Mtu anakupa maarifa yote hayo, halafu hataki hata kupunguziwa bei ya baibui? Katumwa huyu. Labda Humoud anataka nifanye haraka nikosee.

Jioni akamvizia Mzee Maulidi, mwuza kahawa, ambaye hupita kila nyumba na kujua kila kitu.

"Shikamoo, Mzee Maulidi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu Bi Biubwa hana undugu na Humoud?"

"Hana."

Jumanne akamuuliza tena. "Wala hapitipiti Chalinze?"

"Anapita akienda Morogoro kwa mwanawe."

Jumatano akamuuliza mara ya tatu. "Na jina lake hasa ni hilo hilo?"

Mzee Maulidi akamtazama, akammiminia kikombe. "Kunywa, mwanangu. Leo bure."

Alhamisi kichwa kikamuuma, akalala. Ijumaa ikawa Nane Nane, ofisi zimefungwa. Shaka ikamlia siku zake, na asingeweza kumlaumu mtu.

Ijumaa hiyo hiyo halua ikaja, kubwa kuliko zote. Na ujumbe kwenye simu: "Mama Mina, usihangaike. Pumzika tu mpaka tarehe 15."

Nawal akausoma mara mbili. Miaka kumi ya ndoa Humoud hakuwahi kumwambia apumzike.

Jumatatu asubuhi cherehani ilifunikwa. Barazani katibu akafungua daftari, akatafuta, akaipata, na baada ya Adhuhuri nakala ikawa mkononi mwa Nawal na muhuri wake. Jumanne akawa Mahakama ya Mwanzo. Karani akaisoma hati, kisha akarudia kuisoma.

"Mbona unaisoma mara mbili?" Nawal akauliza kwa ukali.

"Naangalia tarehe, mama."

"Ina nini?"

"Ina siku mbili za kuishi. Umewahi."

"Na shauri likisikilizwa mwezi ujao, hati haitakuwa imekufa?"

"Cha muhimu ni siku ya kufungua. Ukishafungua ndani ya muda, umefungua."

Nawal akaeleza, yakaandikwa, akasomewa, akatia saini. Akapewa namba ya shauri na siku ya kusikilizwa. Wito ukaenda Chalinze.

Siku ilipofika, Humoud alikuja na kanzu yake ya pasi, na ile hati ya asili mfukoni.

"Mheshimiwa, mimi nilijua bila mimi haendi," alisema. "Tulianza pamoja."

Hakimu, mama mmoja mtulivu, akainua karatasi. "Talaka hii uliandika wewe, baada ya baraza kushindwa kuwapatanisha?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ulitaka aachike, au ulitaka aning'inie?"

Humoud akaanza kuinyoosha kanzu iliyokwisha kunyooka. Hakimu akawasikiliza wote wawili, akaangalia hati na talaka, akaona ndoa ile imevunjika haitengenezeki. Akatoa talaka ya mahakama, na matunzo ya Mina yakaandikwa.

Nje, Humoud alikuwa mpole. "Mteja mmoja aliniambia hati hufa. Nikasema ikifa tutaanza upya, na huyo mwalimu wako atachoka kusubiri."

"Na halua?"

"Halua ilikuwa halua tu, Mama Mina."

Nawal hakuamini. Mpaka leo hajaamini.

Lakini karatasi anayo. Sheikh alivaa miwani, akasoma, na safari hii hakuivua. Ndoa ya Nawal na Mwalimu Shihab ilifungwa, ikaandikwa, na cheti kikatoka. Na Nawal ana neno jipya kwa wateja. "Hati ya baraza ina miezi sita tu. Itunze nakala yako mwenyewe. Mwenzako akikuacha njiani, nenda ukamalize peke yako. Hujui njia, muulize msaidizi wa kisheria."

Juzi alikuwa akilisema hilo huku anampima Bi Biubwa gauni. Chausiku alikuwapo, akauliza, "Lakini shoga, wewe unavyoshuku watu, Bi Biubwa hukumshuku?"

"Mimi? Nimshuku Bi Biubwa? Siku ile ile alipofungua mdomo nilimwamini. Mtu mwema mimi namjua kwa macho tu!"

Vikombe vikagongana mlangoni. Mzee Maulidi alikuwa amesimama na birika lake.

"Nawal, mwanangu," alisema, "yule uliyeniuliza kama jina lake ni hilo hilo, alikuwa nani?"

Bi Biubwa akageuka na mikono yake bado juu. "Uliuliza jina langu?"

Nawal akatia pini mdomoni haraka, kwa kuwa mwenye pini mdomoni hasemi.

"Siku tatu mfululizo," Mzee Maulidi akaongeza. "Ya mwisho nikampa na kahawa."

"Shahidi huyo, Nawal," Bi Biubwa akasema. "Toa pini, ujibu."