Dawa Iliyoitwa Pipi

Kila asubuhi, baada ya chai, Vaileth alimpa bibi yake dawa ya shinikizo la damu. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu Bibi Kokushubila alipoletwa Goba kutoka Bukoba. Bibi alikuwa amezeeka sana. Siku nyingine alimwita Vaileth kwa jina la mtu aliyefariki zamani; siku nyingine alifumba mdomo na kukataa dawa katakata.

Vaileth akagundua ujanja. "Bibi, pipi hii," alisema, na bibi akafumbua mdomo huku akicheka. Mdogo wake Edgar, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, alitazama kutoka mkekani. Alikuwa akiiga kila kitu: ukikohoa, naye anakohoa.

Jumamosi moja mama yao, Jovina, alikwenda sokoni. "Vai, usiwaache peke yao," alimwonya. "Ukishampa bibi dawa, irudishe juu ya kabati."

"Sawa, mama."

Lakini Nusaiba, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuwa akimwita wakacheze rede. Vaileth akamwachia bibi pakiti nzima mkononi. "Bibi, pipi zako hizi. Kula moja tu, nakuja sasa hivi." Akatoka mbio.

Mchezo ulinoga. Aliporudi kunywa maji, alisimama ghafla mlangoni. Edgar alikuwa amelala mkekani, mwili umelegea, midomo imepauka. Pakiti ilikuwa tupu. Bibi alikuwa akimpapasa kichwa na kutabasamu.

"Kaomba pipi, nikampa," alisema. "Mtoto nitamnyimaje?"

Vaileth alipiga yowe. Mama Nusaiba akaja mbio na kumbeba mtoto. Jirani mmoja alikuja na kikombe cha maziwa, lakini Mama Nusaiba akamzuia: "Asinyweshwe kitu! Niitieni bajaji. Vaileth, chukua hiyo pakiti, twende hospitali!"

"Amemeza nini huyu?" daktari aliuliza. "Ilikuwaje?"

Vaileth alitamani kusema kwamba bibi alizichukua dawa juu ya kabati mwenyewe. Kisha akamwona Edgar akipumua kwa shida.

"Nilimwachia bibi pakiti yote," alisema, akimpa daktari ile pakiti. "Huwa namwambia ni pipi. Leo baada ya chai nikaenda kucheza."

"Umefanya vizuri kusema kweli," daktari alijibu. "Sasa tunajua pa kuanzia."

Mama alifika akikimbia, kiatu kimoja kiko mkononi. Alipomwona mwanawe na dripu, aliketi kando ya kitanda na kumshika mkono. Walikaa hivyo hadi jioni, Edgar alipofumbua macho na kudai uji.

Kesho yake walimrudisha nyumbani. Bibi alinyoosha mikono kwa furaha. "Karibuni! Kazuri haka! Ka nani?"

Vaileth alipigwa na butwaa. Bibi hakukumbuka chochote. Hata mjukuu wake hakumtambua.

"Ni Edgar, bibi! Wewe ndiye uliye—"

Mama alimshika mkono na kumvuta nje.

"Usimgombeze," alisema. "Bibi yako ndiye aliyenilea mimi, na nilipokuwa mdogo alizificha dawa nisizifikie. Uzee umemwondolea mengi, lakini kupenda kumpa mtoto kitu kitamu kumebaki. Naye Edgar akili yake ndiyo kwanza inakua. Anaamini anachokisikia. Ukisema pipi, kwake ni pipi."

"Kwa hiyo kosa ni langu?" Vaileth alilia.

"Ni lako, na ni langu pia, kwa sababu nilikubebesha kazi ya mtu mzima. Kuanzia leo dawa nitampa mwenyewe. Lakini wewe, mwanangu, una akili ya kujua kipi ni dawa na kipi ni pipi. Wao wawili hawana, mmoja bado hajaipata na mwingine inamtoka. Mtu wa namna hiyo hadanganywi hata kwa utani. Haya, nenda kakae naye."

Vaileth akafuta machozi, akaingia ndani. "Bibi, huyu ni Edgar," alisema taratibu. "Ni mjukuu wako."