Msaragambo Uko Kwenu

Kila asubuhi Eliwaza alichota maji, akafagia uwanja, kisha akayatazama mawingu juu ya kijiji chao cha Mhezi. Kutazama mawingu ndiko kulikomchosha kuliko kazi zote. Tangu upepo ung'oe mabati ya nyumba yao, wingu likijikusanya tu, moyo ulimwenda mbio na tumbo likamkata. Mvua ikinyesha, yeye na mama yake walihamisha godoro kutoka pembe hii hadi ile. Baba alikuwa mjini Hedaru akipakia tangawizi kwenye malori, na alichopata kiliishia kwenye unga.

Darasa la sita lilimjua Eliwaza kwa maneno mengi. Sasa alikuwa kimya, akisinzia darasani, na wenzake wakamwita mvivu. Aliponong'ona kwamba ataacha shule, rafiki yake Careen hakuvumilia, akamshika mkono na kumpeleka kwa Mwalimu Ernesta.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba huo haukuwa uvivu. Dhiki ya nyumbani huweza kuielemea akili ya mtoto hata mwili nao ukaumwa. Akamwomba ruhusa azungumze na mama yake na Mzee Zephania, mwenyekiti wa kitongoji.

"Sawa, mwalimu, lakini msaragambo usiitwe," Eliwaza akasema. "Hatuna makande ya kuwapikia watu."

Msaragambo ni ile kazi ya Wapare ya kusaidiana kijiji kizima, na Eliwaza aliamini kabisa kwamba asiye na chungu cha kuwalisha watu hana haki ya kuwaita.

Jumamosi baragumu la kuwaita watu msaragamboni likalia. Eliwaza akadhani ni kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Akachomoka na jembe begani, watu wasije wakasema kwao ni watoro. Njiani akakutana na Mzee Zephania na umati wa watu wakipanda na nyundo, masufuria, na mabati yaliyobaki walipoezeka kanisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unakimbilia wapi na jembe? Msaragambo uko kwenu."

Lo, furaha ilimpanda hadi kooni! Aligeuza mbio, akawapita wote. Kila nyumba ilileta mahindi na maharage yake, makande yakachemka uwanjani, nyundo zikagonga juu. Eliwaza alishika misumari huku akipiga soga mpaka fundi akamwomba apumue kidogo.

Alasiri mvua ikashuka kwa kishindo. Watu wakajibana ndani, wakavu. Eliwaza akangoja moyo wake uanze mbio, nao haukuanza. Akacheka peke yake.

Mwalimu Ernesta alilazimika kupaza sauti ili watoto wamsikie. "Kukosa kitu nyumbani si kosa lenu. Hofu ikikuzidi usikae nayo, mwambie mtu mzima unayemwamini."

Mzee Zephania akamwongezea Eliwaza makande kwenye sahani. "Na msaragambo hauna kiingilio, mjukuu wangu. Ukizidiwa, sema tu."