Kafuri Kabla ya Msiba

Feza alinusa kafuri kabla hajafungua kichupa chake.

Alisimama kizingitini, ndoo ya maji mkononi, akavuta pumzi tena. Ilikuwa Jumatano, saa moja ya asubuhi, mwezi wa Novemba mwaka 1888, na mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani ya paa la Mzee Abedi, hapo Kasongo. Kafuri ni harufu ya maiti. Anayeileta ni mwosha, na mwosha wa wanawake katika mji mzima alikuwa yeye peke yake. Kichupa chake kilikuwa kimezibwa kwa nta, kimefungwa katika pindo la nguo yake. Basi nani alimtangulia?

"Mzee Abedi, nani ameingia humu mbele yangu?"

"Hakuna mutu, mama," Abedi akajibu kutoka uani. "Nani ataingia? Wote wanaogopa."

Kitandani alilala Nuru, binti wa Abedi, aliyeolewa siku thelathini na mbili zilizopita. Mume wake alimwacha hapo kwa baba yake kesho yake ya harusi, akashuka Nyangwe na mitumbwi ya chumvi, hajui lolote. Uso wa Nuru, ambao wanawake waliuimbia siku ya harusi, sasa ulikuwa umefunikwa na malengelenge hata mama yake asingeutambua. Ndui.

Feza hakuogopa. Ndui ilikwisha kumpata akiwa mtoto, njiani, shingoni mnyororo. Walipoona amepata homa, wangwana wa pwani waliomteka walimfungua wakamwacha porini afe. Hakufa. Alibaki na uso wenye mashimo, na kila mtu Maniema anajua kwamba ndui haimshiki mtu mara mbili. Kwa sababu hiyo walimpa kazi ya kuosha maiti, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyempa mkono.

"Mgonjwa mwingine wa ndui yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna. Mji mzima, yeye peke yake."

Feza alimwosha Nuru polepole. Alipomwinua kumweka juu ya ubao, macho yake yakaangukia godoro, na mikono ikasimama.

Lilikuwa na bonde. Kila godoro la sufi hushuka pale mtu anapolala, lakini kwa miaka, si kwa mwezi mmoja. Na Nuru alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika begani kwa Feza. Bonde lile lilianza juu, karibu na kichwa cha kitanda, likapanuka mabegani, likashuka mpaka kwenye visigino vilivyokuwa mbali sana na miguu ya Nuru. Feza alilipima kwa shibiri. Lilimzidi marehemu shibiri mbili kamili. Mtu mwingine, mrefu, mwenye mabega mapana, alikuwa amelala humo muda mrefu, na kitambaa kipya cha buluu kilikuwa kimemfunika tu.

Akatoa kisu, akafumua mshono. Sufi ilitoka imeshikana mabonge, ya manjano kama meno ya mzee. Katikati ya mabonge ziling'aa chembe nyeupe. Akaweka moja kwenye ulimi, akatema.

Kafuri.

"Mzee Abedi," akasema, akiwa hajageuka, "binti yako alisema nini juu ya kitanda hiki?"

Abedi akasogea mlangoni. "Usiku wa kwanza alisema, 'Baba, kitanda kinanuka msiba.' Nikacheka. Nikamwambia achome udi. Juma la pili akasema…" Akashika mwimo wa mlango. "Akasema, 'Baba, kuna mutu alilala hapa mbele yangu. Ameniachia nafasi yake.' Nikamwambia, wewe bibi harusi, acha maneno ya kitoto."

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Atumani. Duka kubwa. Nilipita mbele ya kibanda cha Faradji, fundi wa magodoro, sikuingia hata. Nikasema, harusi ya mutoto wangu, ninunue kwenye kibanda? Atumani ni mutu wa pwani, kanzu nyeupe, aliniapia mbele ya watu kwamba godoro ni jipya. Miye nikaamini kiapo, mama. Sikugusa hata. Niliona haya kugusa."

*

Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri, na Atumani akaiwahi. Alikwenda mwenyewe kwa Liwali wa mji. "Magodoro sishoni mimi," akasema. "Nayanunua kwa Faradji, yule fundi. Naye Faradji na mwosha maiti wanakula chungu kimoja. Mwulizeni mwosha godoro za wafu wake huenda wapi."

Ilitosha. Faradji alikuwa Mzimba wa bara, aliyenunua uhuru wake kwa miaka kumi na moja ya sindano. Neno la kanzu lilimtia mnyororoni kabla chai ya Liwali haijapoa. Hukumu ilikuwa fupi. Ijumaa baada ya sala, kama hakuna ushahidi mwingine, Faradji atakabidhiwa msafara unaokwenda Kabambare, auzwe huko. Mwosha naye atafukuzwa mjini.

Alasiri Feza alimkuta Faradji nyuma ya boma, mguu umefungwa kwenye gogo.

"Yaya," Faradji akamwita, kama anavyoitwa dada mkubwa, akijaribu kucheka. "Njoo usalimie rafiki yetu wa zamani. Mnyororo haujazeeka, tumezeeka siye."

Hawakuwa ndugu wa tumbo moja. Walikuwa wamefungwa mnyororo mmoja, shingo kwa shingo, kutoka kijiji chao mpaka pale Feza alipoachwa, na yeye Faradji, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyemtupia kibuyu chake cha maji. Hilo Feza hakulisahau siku hata moja.

"Nijibu kama hunijui. Ulimuuzia Atumani godoro?"

"Sufi natoa wapi? Inua macho, yaya."

Feza akainua. Misufi iliyopandwa kando ya boma ilikuwa mibichi, majani yamelowa. Hapakuwa na tunda hata moja lililopasuka.

"Sufi inapasuka kiangazi," Faradji akasema. "Yangu ilikwisha mvua ilipoanza. Tangu hapo nauza mikeka, uliza soko lote. Na ile godoro ya marehemu, ilikuwa na mdomo?"

Feza alielewa. Godoro la Faradji halikufungwa lote. Aliacha pembeni nafasi ya mkono, akaifunga kwa uzi wa kulegea, ili mnunuzi aufungue, aingize mkono, avute sufi kutoka katikati na kuinusa. Watu walimcheka. Walisema fundi gani anauza kitu chenye tundu.

"Haikuwa na mdomo. Ilishonwa kote, kama sanda."

"Basi si yangu." Akainamisha kichwa. "Lakini nani atanisikiliza? Kabambare sitafika, yaya. Mguu huu sikubali kutembea tena ile njia."

*

Alhamisi, saa tatu ya asubuhi, Feza aliingia duka la Atumani. Lilikuwa duka kweli: mlango wa mbao ulionakshiwa, shanga za kila rangi, nguo mpaka darini. Magodoro matano ya buluu yalipangwa nyuma kabisa, na udi ulifukizwa mbele yake, mwingi kuliko nyumba ya harusi.

"We mwanamke, umekuja kutafuta nini?" Atumani akauliza. Alikuwa mtu mzuri wa uso, ngozi laini isiyo na kovu. "Hapa hatujafiwa."

"Nimekuja kununua godoro, bwana. Nimechoka na mkeka."

Watu wawili waliokuwa wananunua shanga wakacheka. Atumani naye akacheka. "Mwosha anataka godoro! Utalipa nini, vichupa?"

Feza akafungua furushi. Ilikuwa merikani safi, nguo nyeupe ya pamba, kipande kirefu ambacho hakijaguswa na maji. Kicheko kilikatika, maana kila mtu alikijua kipande kile. Ni sanda yake mwenyewe, aliyoiweka akiba miaka yote ili asizikwe katika majani.

"Ni jipya, bwana?"

"Naapa. Sufi ya mwezi huu, nyeupe kama maziwa."

"Naweza kugusa?"

"Ukigusa unachafua. Mbona huamini kiapo cha Mwislamu?" Akanyoosha bakora yake ndefu, akalielekeza godoro kwa ncha, kama mtu anayemwonyesha nyoka. "Lile. Amisi! Mbebee bibi."

Feza hakulitazama godoro. Alitazama watu. Wachukuzi wanne walitoka nyuma, na wote wanne walikuwa na uso kama wake. Mashimo mashavuni, mashimo puani. Wa mwisho, Amisi, makovu yake yalikuwa bado mekundu. Lakini kijana aliyepima nguo mbele, na yule aliyehesabu shanga, walikuwa na nyuso laini, na hakuna hata mmoja wao aliyesogea nyuma dukani.

Njiani, Amisi akitembea mbele na godoro kichwani, Feza akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ndui ulipatia wapi, baba?"

"Kabambare. Msimu uliopita. Huko wamekufa mingi, mama. Hata matajiri."

"Nyote wanne?"

"Wote tulikuwa nayo, lakini si mahali pamoja." Akasita. "Bwana alitupanga mustari. Alikuwa na watu makumi mbili. Akapita anatazama uso, anaonyesha na ile bakora: weye, na weye, na weye. Siye tukafikiri anachagua wa kuuza. Kumbe anachagua wa kubeba."

"Kubeba nini?"

Amisi akaharakisha mwendo. Alilishusha godoro mlangoni kwa Feza taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa, na kabla hajaondoka akasema, "Hiyo iliyolala humo ilikuwa mwanamke munene. Alilia siku tisa. Usiilalie, mama."

Usiku wa kuamkia Ijumaa Feza aliliacha godoro nje. Asubuhi mvua ilikuwa imelilowesha, na umbo la mwanamke lilikuwa limejichora juu ya kitambaa, kichwa, makalio, visigino, maji yamejaa ndani yake.

*

Ijumaa baada ya sala, baraza la Liwali lilijaa. Abedi alikuwapo. Faradji aliketi chini, mnyororo mguuni. Feza hakumwita Amisi. Neno la mtumwa juu ya bwana wake halikuhesabiwa pale, na angerudi nyumbani kwa bwana yule yule. Mimi msimulizi nalisema wazi kwa sababu leo wapo wanaotusimulia kwamba baraza zile zilikuwa za haki.

Alilikunjua godoro mbele ya wote. Watu wa mbele walirudi nyuma.

"Bwana Atumani, godoro hili umeniuzia jana?"

"Nimekuuzia. Umelilowesha mwenyewe."

"Uliapa ni sufi ya mwezi huu. Sufi ya mwezi huu iko bado juu ya mti, bwana. Kila mtu aliyeketi hapa amepita chini yake."

Minong'ono. Atumani akatabasamu. "Mwulize Faradji. Yote yametoka kwake. Mimi mchuuzi tu, nimedanganywa kama nyinyi."

"Vizuri. Umedanganywa, hujui ndani mna nini. Basi keti." Feza akalipigapiga godoro kwa kiganja. "Jua kali, umesimama muda mrefu. Keti juu ya mali yako."

"Nimezoea kusimama."

"Wachukuzi wako wanne wana nyuso kama yangu. Wale wengine kumi na sita wana nyuso laini, hawaruhusiwi kusogea nyuma ya duka. Mtu asiyejua ndani mna nini huchaguaje wabebaji kwa makovu?"

Watu wakamgeukia Atumani. Lakini Liwali alipiga mwayo. Alikuwa akichezea tasbihi, akimtazama Faradji kama mtu anayetazama punda aliyekwisha kuuzwa. Msichana wa Abedi alikuwa kaburini siku mbili, na baraza lilikuwa linasinzia.

Feza alilijua hilo tangu mwanzo. Aligeuka pole pole kuelekea mlango wa Liwali mwenyewe.

"Bwana Liwali, samahani. Mwezi uliopita nilipita hapa nikaona magodoro mawili ya buluu yanaingizwa nyumbani mwako. Watoto wako wanalala juu ya nini?"

Tasbihi ikasimama.

Liwali alimtazama Atumani. Akaanza kuinuka kwenye kiti chake, rangi imemtoka, na Atumani akatupa bakora akapiga magoti.

"Hapana, bwana wangu! Wallahi hapana! Ya kwako ni safi! Ya kwako nilijaza sufi ya akiba, nilisimamia mwenyewe, nilichagua! Watoto wako hawana shida, bwana, ya kwako nilichagua!"

Faradji akainuka nusu, mnyororo wake ukalia.

"Ulichagua," Abedi akasema. Alikuwa amesimama, mikono inaning'inia. "Ya Liwali ulichagua. Na ya Nuru?"

Jibu lilimtoka Atumani baadaye, vipande vipande. Kabambare ndui iliua nyumba za matajiri, na waoshaji wa huko walinyunyizia magodoro ya wafu kafuri yakachomwe. Jamaa za wafu walimpa yeye kazi ya kuyachoma. Aliyatazama, akaona sufi nzuri inakwenda motoni, na Kasongo msimu wa harusi umefika na hakuna sufi. Akayavika nguo mpya. "Nilifikiri jua la njiani litaiua ndui," akasema. Lakini mwenyewe hakugusa hata moja.

Pingu ilitolewa mguuni mwa Faradji, ikafungwa mguuni mwa Atumani ikiwa bado ina joto. Haikukaa sana. Baada ya miezi miwili watu wa kwao walimwombea, akaondoka usiku kwa heshima zote. Hilo nalo nalikumbuka.

Jioni ile Liwali aliamuru magodoro yachomwe nje ya mji, pamoja na yale manne waliyokuwa wameuziwa watu wengine kwa harusi zijazo, hayajalaliwa. Nani atayashika? Wachukuzi wanne. Moshi ulijaa Kasongo nzima, harufu ya kafuri ikaingia kila nyumba, na watu wakafunga milango kama maiti anapita. Moto ulipokwisha, Amisi na wenzake walijipangusa mikono, wakaanza kutembea kuelekea msitu, polepole, bila kukimbia. Askari waliokuwa lindoni waliwaona. Hakuna aliyetaka kuwagusa. Walipisha njia.

Kiangazi kilichofuata, sufi ilipoanza kuruka hewani, Mzee Abedi alikuja kwenye kibanda cha Faradji. Binti yake mdogo alikuwa anaolewa. Feza aliketi pembeni anachambua mbegu.

Faradji hakuapa. Alilegeza uzi, akafungua mdomo wa godoro, akasogea kando.

Abedi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akavuta fungu kutoka katikati kabisa, akalipeleka puani, akafumba macho.

"Hainuki kitu," akasema.

"Ndiyo, mzee," Feza akajibu. "Hainuki kitu."

Abedi akanusa tena.