Mzee Yohane Alihama Bila Kuwaambia Uhamiaji

Sidonia alikuwa akipepeta uwele nje ya nyumba yake, Ihumwa, Batuli alipofika. Batuli alikuwa jirani yao wa zamani kule mjini, kwenye nyumba za reli. Hata maji hakunywa kwanza.

"Maofisa wa Uhamiaji walikuja kumtafuta mumeo," alisema. "Tukawaambia amehama. Wakauliza amehamia wapi, hakuna aliyewaambia."

Sidonia aliweka ungo chini. Mumewe, Mzee Yohane, ni Mmalawi. Alikuja nchini angali kijana, akawa fundi wa reli, akaoa, akazaa, akastaafu. Huko kwao hakubaki mtu wa kumpokea. Wakimrudisha, atafikia kwa nani? Na yeye Sidonia uzee huu atauzeeka na nani?

Yohane aliposikia, alikuja juu. Alisema yeye si mtoto mdogo. Siku ile ile walipohamia Ihumwa alikwenda kwa Matonya, balozi wa nyumba kumi, akajitambulisha na kumpelekea jogoo. Sasa wanataka taarifa gani tena?

Ukali wake ulikuwa wa mdomoni tu. Usingizi ulimpaa. Sidonia alimsihi waende mjini wakaulize, naye akajibu kwamba hawezi kujipeleka mwenyewe kwenye mtego. Ikawa akisikia gari, haonekani. Sidonia naye mikono iko jikoni, macho yako barabarani, ugali unaungua. Maisha gani hayo?

Asubuhi moja gari la serikali likasimama uani. Mzee mzima akajitosa zizini, akajibanza katikati ya mbuzi. Kumbe ni bwana mifugo, amekuja kuchanja. Jirani yao Anyitike, aliyeleta mbuzi wake wachanjwe, ndiye aliyemkuta. Anyitike alifanya kazi ya uhamiaji mpakani miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu Yohane, amechuchumaa kwenye samadi.

Sidonia alichoka kuficha. Akaeleza yote, tena mbele ya mumewe. Anyitike alivuta kigoda akaketi.

"Mzee, balozi ni mtu wa chama. Zamani chama na serikali vilikula chungu kimoja, ukimwambia mmoja unaona umewaambia wote. Sasa vyama ni vingi, kila kimoja kina watu wake. Na hata zamani, mgeni mwenye kibali akihama alitakiwa kuwaambia Uhamiaji yeye mwenyewe."

"Watanifukuza?"

"Watakugombeza. Wao wanataka kujua unakaa wapi, basi. Lakini ukiendelea kujificha, watasema umetoroka. Hapo ndipo ubaya unapoanzia."

Akawaeleza wachukue pasipoti na kibali cha kuishi, wapate na barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kuthibitisha makazi. Kisha waende ofisini bila kungoja kuitwa. Na Yohane akihama tena, hata kama ni kwa binti yake pale Zuzu, atoe taarifa mapema. Asipojua jambo, aulize. Kuuliza si ujinga.

Kesho yake walikwenda. Sidonia hakuweza kukaa kwenye benchi. Alisimama, akaketi, akasimama tena, hata mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Walipoitwa ndani, ofisa alifungua jalada la Yohane. Akamgombeza kweli kweli: wamemtafuta hadi wamechoka, na walikuwa karibu kumhesabu kuwa ametoroka. Yohane alitaka kuanza habari za jogoo. Sidonia akamfinya.

"Haya," alisema ofisa, akishika kalamu. "Sasa unakaa wapi?"

Yohane alinyoosha mgongo. "Ihumwa," alisema. "Kwa mke wangu."

Ofisa akaandika, akagonga muhuri. Akasema kibali bado hakijaisha, mzee arudi nyumbani, ila siku nyingine asihame kimya kimya. Sidonia alilia pale pale mbele za watu, wala hakujifuta.